Muuguzi bingwa, anza na saa za famakolojia

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliyeko Texas aliniandikia kwamba cheti chake cha ANCC, shirika la Marekani linalowapa wauguzi vyeti vya ubingwa, kinakaribia kwisha muda, na kwamba amekwisha kukusanya saa za mafunzo za kutosha, ila nyingi ni za uongozi na za utunzaji wa vidonda. "Dada, hizi hazitahesabiwa?" Zitahesabiwa, mdogo wangu, lakini peke yake hazitakuvusha. ANCC humtaka muuguzi bingwa (nurse practitioner, muuguzi wa ngazi ya juu anayetibu wagonjwa) awe na saa 75 za mafunzo katika kila kipindi cha miaka 5, na kati ya hizo 25 ni lazima ziwe za famakolojia, yaani elimu ya dawa, kwa kuwa anayeandika dawa ndiye atakayeulizwa ikimdhuru mgonjwa. Juu ya saa hizo unadaiwa jambo jingine moja la kuchagua mwenyewe, na mimi huchagua kuwasimamia wanafunzi kazini kwa saa 120.

Cheti changu nimekihuisha mwezi uliopita bila kukosa usingizi, na sitaficha kwamba ninajivunia. Tangu nilipoanza kazi nimekuwa nikitunza kila cheti cha mafunzo katika faili lake, na mwenzangu mmoja wa zamu alizoea kuniita karani mbele ya wagonjwa. Neno lile linanichoma hadi leo, ingawa Bodi ya Uuguzi ya jimbo, inayotoa leseni, iliponichagua kwa ukaguzi nilituma vyeti vyote jioni ileile. Mwajiri wangu wa wakati huo hakuwahi kulipia hata saa moja ya mafunzo, nami nilinung'unika kama wengine, lakini leseni ina jina langu na wala si lake. Anayengoja kulipiwa ndipo asome anamkabidhi mwingine riziki yake.

Kwa hiyo anza na famakolojia, kisha ufuate mengine. Texas huhuisha leseni kila miaka 2 na hudai saa 20, na mwenye ruhusa ya kuandika dawa huongezewa saa 5 za famakolojia, na katika kila uhuishaji wa tatu saa 2 ziwe za sheria na maadili. Bodi ya jimbo na ANCC hazifuati kalenda moja, lakini somo moja la famakolojia unaweza kulitumia kotekote iwapo tarehe yake inaangukia ndani ya vipindi vyote viwili, na ndiyo maana ninasisitiza, hata kama nakuchosha, kwamba famakolojia itangulie.

Usisahau pia DEA, idara ya serikali ya Marekani inayosajili wanaoandika dawa zinazodhibitiwa, ambayo tangu tarehe 27 Juni 2023 humtaka anayeomba au kuhuisha usajili wake athibitishe kwamba amepata saa 8 za mafunzo kuhusu matatizo ya matumizi ya dawa za kulevya. Hizo hudaiwa mara moja tu, lakini cheti chake kihifadhi pamoja na vingine.