Kukagua mchoro wa seli ya neva: kwanza uliza ni seli ipi

Mkuu, umesema shule yenu imempa mchoraji kazi ya chati ya ukutani ya seli ya neva, nawe umeachiwa uipitie kabla haijaenda kuchapwa, hujui uanzie wapi. Michoro ya namna hii nimeipitia miaka mingi, ya chati na ya vitabu vya kiada, kwa hiyo nakueleza ninavyofanya mimi.

Kabla hujasoma lebo hata moja, muulize mchoraji: hii ni seli gani? Akikujibu "ni seli ya neva tu, ya kawaida", ujue kazi ipo. Makosa mengi niliyokutana nayo hayakuwa ya mtu kubuni kitu. Mchoraji alichukua picha mbili tatu, kila moja iko sawa kivyake, akaziunga zikawa seli moja. Niliwahi kuletewa chati yenye mwili wa seli katikati, ncha moja iko kwenye ngozi ya kidole, ncha ya pili imeshika msuli. Lebo zote zilikuwa sahihi kitabuni, lakini seli yenyewe mwilini haipo! Ingekuwepo, kidole kingeguswa na moto na msuli ukakaza bila uti wa mgongo kupata habari.

Kwa maelezo yako, yako ni neuroni ya mwendo, yaani seli ya neva inayoamuru msuli. Basi mwili wake ukae ndani ya uti wa mgongo, uzungukwe na dendraiti nyingi (matawi yanayopokea habari), na itoke aksoni moja (uzi mrefu unaopeleka habari) mpaka kwenye msuli. Nasema moja: hesabu zinazotoka kwenye mwili wa seli, zikizidi moja rudisha mchoro. Aksoni huweza kugawanyika matawi mbele ya safari, lakini chanzo ni kimoja. Tazama pia umbo. Dendraiti huanza nene na kuendelea kuwa nyembamba kila inapotoa tawi, wakati aksoni hubaki na unene karibu uleule kwa masafa marefu. Neuroni ya hisia ni habari nyingine kabisa: mwili wake uko nje ya uti wa mgongo, kwenye kivimbe cha mzizi wa nyuma, umening'inia pembeni kwa kikonyo kifupi. Ukiona kikonyo hicho kwenye chati yako, kimetoka picha nyingine.

Mayelini, ile ala inayofunika aksoni, ndiyo inayonichukulia muda kuliko vyote. Wachoraji wengi huichora kama bomba lililovikwa aksoni, kisha seli ya Schwann wanaichora kama bomba la pili juu yake. Si hivyo. Mayelini ni utando wa seli ya Schwann yenyewe, uliojizungusha kwenye aksoni mara nyingi kama mkeka uliokunjwa. Kila kipande cha mayelini ni seli moja ya Schwann, na kiini chake hukaa upande wa nje wa mizunguko hiyo. Nikikuta kiini kimebanwa kati ya mayelini na aksoni, naweka alama nyekundu. Naweka alama pia mayelini ikifunika mwili wa seli au ikifika hadi kwenye vitufe vya mwisho wa aksoni. Na kama kuna seli moja yenye mikono inayofunika aksoni kadhaa kwa pamoja, hiyo ni oligodendrositi, ya ubongo na uti wa mgongo. (Kwa ukali kabisa, kipande cha kwanza cha aksoni yako, kabla hakijatoka kwenye uti wa mgongo, hufunikwa na hizo. Kwa chati ya sekondari mimi singegombana na mtu kwa hilo.)

Vipimo havitawezekana, ila visidanganye. Chukua mwili wa seli wa mikromita 50 na aksoni ya mita 1, kama zile zinazoshuka hadi mguuni. Ukichora mwili huo kwa sentimita 5, aksoni itahitaji kilomita 1. Kwa kipimo hichohicho, kipande cha mayelini cha milimita 1 kingekuwa mita nzima, na kifundo cha Ranvier (nafasi iliyo wazi kati ya kipande kimoja cha mayelini na kinachofuata) kingekuwa upana wa milimita 1 tu. Kwa hiyo dai alama ya kukatiza kwenye aksoni, andika chini kwamba mchoro haukufuata kipimo, na vifundo visichorwe vipana kama vidole. Mshale wa mpigo wa neva, yaani ishara ya umeme, usiruke hewani kutoka kifundo hadi kifundo. Mkondo hupita ndani ya aksoni, na mpigo huzalishwa upya kwenye kila kifundo.

Mwishoni, kwenye msuli, lazima kuwe na mwanya kati ya neva na msuli. Kuhusu mwanya kama huo, wanasayansi Golgi na Cajal walibishana hadi mwaka 1906, walipopewa Nobel pamoja: Golgi akiamini neva ni wavu mmoja uliounganika, Cajal akisema ni seli zilizotengana. Hadubini ya elektroni ilikuja kuuonyesha mwanya wenyewe miaka ya 1950. Kwenye chati yako vifuko vya asetilikolini (kemikali inayovusha ujumbe hadi kwenye msuli) viwe upande wa neva, vipokezi upande wa msuli. Nimeona vimegeuzwa zaidi ya mara moja, na mshale nao ukafuata.

Rangi usihangaike nazo. Njano ni mazoea tu.

Ukimrudishia mchoraji, usimwandikie "mayelini si sahihi". Wa kwangu mmoja aliandikiwa hivyo, akarudi na mayelini ileile, rangi mpya. Weka namba juu ya mchoro, na kila namba iwe na amri moja: "Na. 4, hamisha kiini kije nje ya mizunguko." Kisha omba faili la mwisho kabisa la kiwandani, maana mistari ya lebo husogea inapopangwa upya, ikaishia kugusa kitu cha jirani.