Maswali yenu kuhusu kanisa la Mkunazini

Safari hii tunajibu maswali ya wasomaji juu ya Kanisa Kuu la Kristo, la Waanglikana, lililoko Mkunazini, Mji Mkongwe, Zanzibar.

Ni kweli lilijengwa juu ya soko la watumwa?

Kweli. Juni 1873 Sultani Barghash bin Said, akibanwa na Waingereza, alikubali mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kukataza wasisafirishwe baharini. Kiwanja cha Mkunazini kikaingia mikononi mwa wamisionari wa UMCA, shirika la misheni la Kianglikana, na Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi likawekwa. Madhabahu, kwa masimulizi, imesimama palipokuwa na mti wa kuwachapia watumwa. Ila kufungwa kwa soko hakukuwa mwisho wa utumwa. Unguja na Pemba watu waliendelea kumilikiwa katika mashamba ya karafuu mpaka 1897, utumwa ulipoondolewa kwenye sheria. Kanisa lilikuwa limekwisha kujengwa zamani. Hili linasahauliwa mno, na si haki kwa waliobaki mashambani.

Nani alilijenga?

Sifa hupewa Askofu Edward Steere, yuleyule aliyekusanya ngano za Kiswahili na kuzichapisha 1870. Paa ndilo la kustaajabisha: kuba refu la saruji na vipande vya mawe ya matumbawe. Alifariki 1882 akazikwa nyuma ya madhabahu. Lakini waliobeba mawe ni mafundi na vibarua. Inasimuliwa kwamba askofu aliporudi safarini alikuta baadhi ya nguzo zimesimamishwa kichwa chini, akaziacha. Watembezaji huchekesha wageni kwa kisa hiki. Mimi nikiziona nguzo hizo nawaza wale mafundi, kwa kuwa hakuna pengine tunapowakumbuka.

David Livingstone, yule mmisionari na mvumbuzi, amezikwa humo?

Hapana. Alifia Chitambo, Zambia ya leo, mwaka 1873. Moyo wake ulizikwa hukohuko chini ya mti; mwili ukachukuliwa na watumishi wake, Chuma, Susi na wenzao, hadi pwani, na kaburi lake liko Westminster Abbey, London. Kilichomo Mkunazini ni msalaba uliochongwa kwa mbao za mti huo.

Nilishushwa kwenye vyumba vya chini vyenye minyororo. Ndimo watumwa walimofungwa?

Wageni wengi huambiwa hivyo, na wapo wanaotoka humo wakilia. Lakini jengo lililo juu ya vyumba hivyo ni la wamisionari, lilikuwa hospitali yao, na lilijengwa baada ya soko kufungwa. Kwa hiyo wanahistoria wana shaka na maelezo hayo, nami nakubaliana nao. Wanaoyatetea huona kwamba mgeni asipoona chumba hataguswa. Siafiki. Watu waliuzwa uwanjani hapo kweli. Ukiongeza lisilo na ushahidi, unampa anayetaka kukanusha utumwa wote mahali pa kushika. Ingetosha kumsimamisha mgeni uani na kumwambia: waliuzwa hapa.

Na sanamu za nje?

Ni kazi ya Clara Sörnäs, msanii wa Sweden, ya mwaka 1998: watu watano wamesimama ndani ya shimo, minyororo shingoni. Usipite haraka. Kila uso una namna yake.

Bado kuna ibada?

Ndiyo. Ni kanisa kuu la Dayosisi ya Zanzibar, na waumini husali humo Jumapili. Ukifika wakati wa ibada, subiri nje mpaka wamalize.