Leseni ya maktaba itakayoingizwa katika programu za kibiashara

Ndugu, umeuliza ni leseni ipi uiwekee maktaba yako ya kuchapa risiti (yaani msimbo uliotayarishwa kutumiwa ndani ya programu nyingine), ili kampuni ziweze kuitumia ndani ya programu zinazoziuza bila kulazimika kufichua msimbo wao, yaani maandishi ya programu zenyewe. Leseni huria ya GPL iondoe kwenye hesabu, kwa kuwa anayesambaza programu iliyounganishwa nayo hulazimika kuitoa programu nzima kwa masharti hayohayo. Leseni ya MIT ingetosha: ni aya chache tu, na sharti lake ni kubakiza tangazo la hakimiliki na maandishi ya leseni katika kila nakala. Hata hivyo, MIT haitaji hataza (haki ya kipekee ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake) popote, ilhali leseni ya Apache 2.0, ya mwaka 2004, humpa mtumiaji haki ya hataza waziwazi na kumwondolea haki hiyo pindi akifungua kesi ya hataza dhidi ya kazi hiyohiyo; ndiyo maana mimi ningeichagua, ingawa haipatani na GPL toleo la 2. Ukitaka marekebisho ya mafaili yako yabaki wazi, itazame leseni ya MPL 2.0, ambayo mpaka wake ni faili, si programu nzima. Kagua pia maktaba unazozitegemea: FFmpeg, maktaba ya kuchakata video na sauti, kwa mfano, kwa kawaida iko chini ya LGPL, leseni iliyo legevu kuliko GPL, lakini ukiijenga kwa chaguo la --enable-gpl, yote hugeuka GPL.