Wazo linazaliwa wapi? Maswali yenu kuhusu ubongo

Babu anasema mtu huwaza kwa moyo, mwalimu anasema ni kichwa. Nani ana haki? (Mwanafunzi, Katindo)

Mwalimu, ingawa babu hasemi bure. Ukiogopa, kinachodunda ni moyo, lakini amri imetoka kichwani. Ubongo una uzito wa kama kilo 1.4 na chembe za neva zipatazo bilioni 86. Hakuna chembe inayowaza peke yake. Kila moja hupokea ishara za wenzake kwa maelfu. Zikitosha, nayo hupitisha umeme mdogo hadi ncha ya uzi wake. Pale hutoa kemikali, na chembe jirani inazipokea. Kuwaza ni mazungumzo hayo. Ila jinsi yanavyoleta ile hali ya kujijua kwamba "ni mimi ninayewaza", sayansi bado haijamaliza kueleza.

Mama alipooza upande wa kulia. Anatuelewa, lakini anasema "ndiyo, ndiyo" tu. Majirani wanasema amerogwa. (Ndosho)

Pole sana, dada. Mama hajarogwa, wala hajarudi kuwa mtoto. Mwaka 1861, huko Paris, daktari Paul Broca alimpokea mgonjwa ambaye karibu neno lake pekee lilikuwa "tan". Alipofariki, Broca alikuta ubongo wake umeharibika sehemu ya mbele, upande wa kushoto. Upande huohuo ndio unaoongoza mkono wa kulia. Ndiyo maana mkono na maneno ya mama vimeondoka pamoja: mshipa mmoja wa damu uliziba au kupasuka.

Msimmalizie sentensi. Mwonyesheni sombe na maharagi, achague kwa mkono wa kushoto, maana "ndiyo" yake huenda ina maana ya hapana. Na mwimbieni nyimbo za kanisani anazozijua tangu utoto. Wapo wagonjwa wasioweza kuomba maji lakini wanaimba ubeti mzima, kwa kuwa wimbo hutegemea pia sehemu nyingine za ubongo. Presha yake ipimwe mara kwa mara. Naomba hilo msilichelewe.

Ni kweli tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo? (Himbi)

Si kweli. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini unakula karibu asilimia 20 ya nguvu zake. Hata ukilala unafanya kazi.

Tangu volkano ya Nyiragongo ilipolipuka hapa Goma 2021, lori zito likipita usiku najikuta mlangoni. Je, mimi ni mwoga? (Majengo)

Hapana, kaka. Baada ya tarehe 22 Mei ardhi ilitikisika siku nyingi, na ubongo wako ulijifunza: kutikisika ni hatari. Ndani yake kuna sehemu ndogo kama lozi, iitwayo amigdala. Hiyo haingoji sehemu ya kufikiri imalize kupima. Inapiga kengele, miguu inaruka, ndipo unatambua kwamba ni lori. Mimi mwenyewe bado naweka viatu karibu na mlango.

Ukishtuka, vuta pumzi polepole na useme kwa sauti, "Ni lori." Ukirudia mara nyingi bila janga kutokea, ubongo hujifunza upya, taratibu. Lakini kama usingizi umekukimbia kwa wiki kadhaa, nenda ukaongee na mtaalamu wa afya ya akili, na mwambie hasa hilo la lori.