Futa huo mstari wa "mchana" na "usiku" kabla hujaingia kwenye mtihani

Mdogo wangu wa kidato cha nne, jedwali lako la tofauti za usanisinuru (mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga) na upumuaji wa seli (seli kuvunja chakula ipate nishati) nimeliona. Kwanza mstari wa tatu: "Usanisinuru hufanyika mchana, upumuaji hufanyika usiku." Futa. Si urekebishe, futa.

Mstari huohuo nilipewa na mwalimu wa tuisheni. Aliuandika kwa chaki ya rangi, akaupigia mstari chini, akasema "hili linatoka kila mwaka". Na hela yake tulikuwa tunalipa kabla ya kukaa kwenye benchi. Pamfleti aliyotuuzia nayo ilikuwa na mstari uleule, fotokopi ya fotokopi, kwa hiyo hata kosa lenyewe ulilisoma kwa kukodoa macho.

Mtihani ukaja na testitubu nne zenye kiashiria cha bikaboneti (kimiminika kinachogeuka manjano kabonidayoksaidi ikizidi, zambarau ikipungua), zote nyekundu. Ya kwanza ina jani, iko kwenye mwanga mkali. Ya pili ina jani, imefungwa foili. Ya tatu ina jani, imezungushiwa kitambaa kama cha chandarua ili mwanga uwe hafifu. Ya nne haina jani. Baada ya saa kadhaa ya kwanza imekuwa zambarau, ya pili manjano, ya tatu na ya nne zimebaki nyekundu. Eleza.

Mbili za mwanzo nilizimaliza kwa madaha. Ya tatu nikaandika, kwa mwandiko safi kabisa, kwamba jani limekufa. Jani lilikuwa hai kuliko mimi siku ya matokeo.

Sasa sikiliza. Ndani ya testitubu ya tatu jani linafanya yote mawili kwa wakati mmoja. Mitokondria, sehemu za seli zinazofanya upumuaji, zinatoa kabonidayoksaidi; kloroplasti, zile za kijani zinazofanya usanisinuru, zinaidaka kwa kasi ileile, hivyo kiwango hakipandi wala hakishuki na rangi haibadiliki. Shambani hali hiyo hutokea alfajiri na jioni, mwanga ukiwa hafifu. Na ile ya kwanza, ya zambarau? Upumuaji haukusimama hata humo. Usanisinuru umeuzidi kasi, basi. Ukiandika "umeuzidi kasi" unapata alama. Ukiandika "upumuaji haupo" umeliwa. Ukiwa na ule mstari wa mchana na usiku kichwani, testitubu ya tatu huielezi hata ukae nayo mpaka msimamizi akunyang'anye karatasi.

Mzizi wa muhindi saa saba mchana uko gizani chini ya udongo, kloroplasti hauna hata moja. Unasubiri magharibi ndipo upumue? Mahindi yakisimama kwenye maji siku kadhaa majani yanageuka njano kwa sababu mizizi imekosa oksijeni, na inaikosa mchana kama inavyoikosa usiku. Mwaka 1779 Jan Ingenhousz, daktari Mholanzi, alishaandika kwamba sehemu za kijani husafisha hewa zikiwa kwenye mwanga tu, ila maua huichafua usiku na mchana sawasawa. 1779! Mwalimu wangu alikuwa na zaidi ya miaka mia mbili ya kujua.

Kwa hiyo upande wa upumuaji, kwenye kipengele cha muda, andika: "kila seli hai, saa zote". Upande wa usanisinuru: "seli zenye klorofili, kukiwa na mwanga" (klorofili ndiyo ile rangi ya kijani ya jani). Neno mchana usilitumie kabisa, maana hata taa ya umeme inatosha.

Mistari mingine uliyoandika inapita. Glukosi inatengenezwa huku, inavunjwa kule. Nishati inahifadhiwa huku, inatolewa kule na kuwekwa kwenye ATP, molekuli inayoibebea seli nishati. Ongeza tu kwamba upumuaji huanzia kwenye saitoplazimu ndipo uingie mitokondria, wengi huruka hapo. Na usije ukaandika "mimea hufanya usanisinuru, wanyama hufanya upumuaji", hiyo ni ndugu wa ule mstari wa tatu, baba mmoja mama mmoja.

Chora ile ya testitubu nne, ficha majibu, ujieleze ya tatu kwa sauti. Halafu lete jedwali jipya hapa leo usiku nilione. Na kama hiyo pamfleti umeinunua stendi, naomba unitumie picha ya jalada, nina mtu namshuku.