Dipoli ya mita 40: usikate waya kabla hujaikagua kebo

Dipoli ya mita 40, yaani waya uliogawanywa katikati kuwa mikono miwili sawa kwa ajili ya mawimbi yenye urefu wa karibu mita 40, ndiyo antena ya redio ya ridhaa ninayomwelekeza kila anayeanza kujitengenezea, na sababu si urahisi wake peke yake. Kwa sisi tunaoishi karibu na ikweta, mawimbi ya megahezi 7 yanayopanda juu mchana hurudi chini na kusambaa mamia ya kilomita kuzunguka pale yalipotoka. Antena iliyoning'inia mita 7 au 8 tu kutoka ardhini inatosha kumkutanisha mtu wa Dar es Salaam na mwenzake wa Dodoma, au wa Mombasa na wa Nairobi. Anayetaka Ulaya kwa uhakika atafute kimo cha karibu mita 20, yaani nusu ya urefu wa wimbi. Anayetaka kuongea na majirani asijisumbue kwa mlingoti mrefu.

Kuitengeneza ni kazi ya asubuhi moja. Kinachowashinda watu ni kuipima. Wanaona SWR (kipimo cha nguvu inayorudi redioni badala ya kurushwa na antena; 1 ndiyo bora) iko juu, wanakata waya. Bado iko juu, wanakata tena, mpaka waya umekuwa mfupi na hakuna kilichobadilika, kwa sababu tangu mwanzo ubovu haukuwa kwenye waya. Mara nyingi uko kwenye kebo inayounganisha redio na katikati ya antena.

Vifaa

Nunua mita 22 za waya wa umeme wa nyumba wa milimita za mraba 1.5, ule wenye nyuzi nyingi ndani. Waya wa uzi mmoja mnene hurefuka ukivutwa na kamba, na masafa ya antena (megahezi inazoitikia vizuri zaidi) yanashuka polepole bila wewe kuelewa kwa nini. Ukifika dukani, kwaruza ncha kwa kisu. Chini ya rangi ya shaba ukikuta weupe, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwa redio yenyewe haina ubaya mkubwa, maana kwenye megahezi 7 mkondo hupita kwenye ngozi ya juu ya waya, unene wa karibu mikroni 25 tu. Ubaya wake ni kwamba hukatika haraka ikipigwapigwa na upepo, na lehemu haishiki vizuri kwenye ncha iliyokatwa. Waache nayo.

Kihami cha katikati, yaani kipande kisichopitisha umeme kinachoshika mikono miwili, kikate kwenye ubao wa plastiki wa kukatia mboga, kipande cha sentimita 10 kwa 8. Toboa matundu matatu kila upande, waya upite ukijisuka. Uzito wote ubebwe na plastiki, usibebwe na lehemu. Vihami vya miisho ni vipande viwili vya bomba la plastiki la nusu inchi, sentimita 10 kila kimoja. Kamba ya katani usiitumie: ikilowa inajikaza na kuvuta antena, ikikauka inalegea, na mwishowe inaoza. Kamba ya plastiki ni bora, ila jua letu linaila, kwa hiyo ikianza kutoa vumbi mkononi ibadilishe. Kebo tai ziwe nyeusi. Nyeupe zinakatikakatika mapema juani.

Kebo ni RG-58 ya omu 50 kama unaipata, ile yenye kiini cha waya katikati na wavu wa nyuzi kukizunguka. Kwenye megahezi 7, mita 30 zake zinapoteza takriban desibeli 1.2, hasara ndogo. Usipoipata, RG-6 ya dishi inafaa kabisa. Ni ya omu 75, na dipoli iliyo juu na huru nayo ina karibu omu 73. Redio yako itaona SWR ya 1.5 hivi, na haidhuru. Tatizo la RG-6 ya bei rahisi ni wavu wake wa aluminiamu usiokubali lehemu, kwa hiyo tumia plagi zake za kukaza, zile za dishi, na usilazimishe. Chagua yenye ganda jeusi.

Kupima na kufunga

Kwa waya usio na ganda, urefu mzima kwa mita ni 143 gawanya kwa masafa ya megahezi. Shabaha yetu ni 7.100, katikati ya bendi yetu ya 7.000 hadi 7.200, hivyo tunapata mita 20.14, au 10.07 kila mkono. Ganda la plastiki hulifanya wimbi liende polepole zaidi kwenye waya, kwa hiyo urefu wa kweli utakuwa pungufu kwa asilimia mbili hadi tano. Pamoja na hayo, anza na mita 10.40 kila mkono, ukipima kutoka kwenye lehemu ya katikati hadi pale waya unapokunjwa kwenye kihami cha mwisho. Urefu uliozidi unakunjwa. Uliopungua unaungwa, na kiungo cha katikati ya waya ndicho kitakachokatika kwanza.

Itundike kwa umbo la V iliyopinduliwa. Mlingoti ni mwanzi au mrunda wa mita 8, na miisho iwe mita 3 juu ya ardhi. Kwa vipimo hivyo pembe ya juu inatoka nyuzi 120, nayo antena inachukua kama mita 17 za uwanja bila kuhesabu kamba. Usibane pembe ikawa chini ya nyuzi 90. Mita 3 za miishoni si pambo: ukirusha kwa wati 100, volti miishoni ni kubwa na zinaunguza, na watoto hucheza uani. Waya wowote wa umeme ulio karibu, hata ule unaoingia nyumbani kwako, uwe mbali kiasi kwamba mlingoti ukianguka upande wowote haufiki.

Kizuizi kwenye kebo

Hapa ndipo penye kiini cha mambo yote. Kebo ina nyuso tatu za kupitishia mkondo: kiini, upande wa ndani wa wavu, na upande wa nje wa wavu. Dipoli ina mikono miwili iliyo sawa, na kebo haina usawa huo, basi sehemu ya mkondo inatorokea upande wa nje wa wavu na kushuka nao hadi mezani kwako. Kebo inakuwa mkono wa tatu wa antena. Unapima urefu wa waya kumbe unapima na kebo, na waya wa kompyuta, na waya wa adapta. Ukikata mkono wa antena, mkono wa tatu haujaguswa.

Dawa ni kizuizi, yaani mizunguko ya kebo inayouzuia mkondo huo wa nje, kifungwe juu kabisa chini ya kihami cha katikati. Ukiwa na pete ya feraiti (kauri yenye chuma ndani) aina ya FT240-43, zungushia RG-58 mara 12. Usitumie pete za manjano zenye upande mweupe zinazochomolewa kwenye pawasaplai za kompyuta za zamani. Zile ni za unga wa chuma, kazi hii haziiwezi, ingawa kwa macho zinafanana sana na zinazotakiwa. Usipopata feraiti, chukua bomba la maji taka la inchi 4 na uzungushie kebo mara 18, mizunguko ikipangana ubavu kwa ubavu safu moja. Inakula mita 6 na nusu za kebo na inatoa ukinzani wa zaidi ya omu 1,000 kwenye bendi hii. Usiifungefunge kama fundo la kamba, maana mzunguko wa mwanzo na wa mwisho wakikaribiana, mkondo unaruka na kizuizi kinakufa. RG-6 yenye povu ndani izungushie bomba siku zote. Ukiikunja kwenye pete ndogo, kiini husogea taratibu ndani ya povu hadi kuugusa wavu.

Multimita kabla ya kupandisha

Antena ikiwa bado chini, weka multimita kwenye plagi ya upande wa redio. Kati ya kiini na wavu kusiwe na njia kabisa. Ukisoma sifuri, kuna uzi wa wavu umegusa kiini, karibu kila mara ndani ya plagi ulipolehemu kwa moto mwingi ukayeyusha plastiki. Ukisoma namba inayochezacheza, kuna unyevu. Kisha unganisha kiini na wavu upande wa juu kwa kipande cha waya: kwa kebo ya mita 20 usome omu 1 hadi 3. Zaidi ya hapo, kuna lehemu baridi, ile isiyoshika vizuri. Dakika tano hizi zinaokoa safari tatu za kupanda na kushuka.

Grafu

NanoVNA, kifaa kidogo kinachochora grafu ya SWR kwa kila masafa, ndiyo zana bora kwa bei yake. Iweke kuanzia megahezi 6.5 hadi 7.6, kisha irekebishe kwa vile vifuniko vyake vitatu: wazi, fupi, na omu 50. Ukibadilisha masafa, rudia kurekebisha. Kabla ya kuichomeka, gusanisha kiini na wavu wa kebo sekunde moja; upepo mkavu na mawingu ya mvua huchaji waya mrefu, na cheche ndogo inatosha kuua mlango wa kifaa hicho.

Sasa jaribio la mkono. Ukiwa unatazama grafu, ishike kebo kwa kiganja karibu na kifaa, iachie, ishike tena mita moja mbele. Mstari ukitulia, kizuizi kinafanya kazi. Ukicheza hata kidogo, acha plaizi mfukoni, rudi kwenye kizuizi. Wengine hupima kwa kuongeza kebo mita 3 na kuangalia kama SWR inahama. Jaribio hilo ni la kweli kwa kebo ya omu 50 tu. RG-6 itabadilisha SWR kwa urefu hata kila kitu kikiwa sawa, kwa kuwa kifaa kinapima kwa omu 50 na kebo ni ya 75. Kwa RG-6 yenye povu, kata urefu wa mita 17.5 hivi, ukihesabu na zile za kizuizi: ni nusu ya wimbi ndani ya kebo, na kwa urefu huo kifaa huona kile kile kilicho juu.

Mstari ukishatulia, ndipo uguse waya. Tuseme shimo la grafu, pale SWR ilipo chini kabisa, liko 6.74. Hesabu ni urefu ulionao mara masafa uliyopata, gawanya kwa unayotaka: 10.40 × 6.74 ÷ 7.10 = 9.87. Utoe sentimita 53 kila mkono. Usizitoe zote mara moja. Kunja 40, uipandishe mpaka kimo chake kamili, pima. Itakuwa karibu na 7.01. Kutoka hapo kila sentimita ya kila mkono ni kama kilohezi 7, kwa hiyo 13 zilizobaki zinakufikisha. Kunja waya ujisokote juu ya wenyewe, funga kwa kebo tai, na usikate hadi umeishi nayo wiki mbili. Wala usipime antena ikiwa kwenye kimo cha kifua chako: ardhi na mwili huishusha masafa, na ukiipandisha itakuwa imepanda mno.

SWR ya 1.3 au 1.5 katikati ya bendi ni nzuri, nenda kazini. Inayonipa wasiwasi ni ile iliyo chini kila mahali, kuanzia 6.5 hadi 7.6. Kebo iliyooza inayomeza desibeli 3, yaani nusu ya nguvu, haiwezi kuonyesha SWR zaidi ya 3 hata ukiiacha bila antena yoyote upande wa pili. Namba inapendeza, na nguvu inaishia kupasha kebo joto.

Kusikiliza

Kabla ya kurusha uwe na leseni ya redio ya ridhaa, kutoka TCRA kwa Tanzania au Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya. Kusikiliza pekee kunatosha kuijaribu antena kwa haki. Dipoli hii huitika pia karibu na mara tatu ya masafa yake, juu kidogo ya megahezi 21, na kwenye 21.150 kuna mtandao wa vituo 18 vya majaribio vinavyopokezana, sekunde 10 kila kimoja, duru nzima dakika 3. Kimoja kimepangiwa Kenya, 5Z4B. Kila kituo hutaja jina lake kwa alama za Morse kikiwa na wati 100, kisha hutoa milio minne mirefu: wati 100, 10, 1, na 0.1. Hesabu milio unayoisikia. Antena mbili zikisikiliza kituo kimoja dakika zile zile, inayokupa mlio mmoja zaidi imekupa kama desibeli 10.

Ukisikia kelele tu, usiilaumu dipoli bado. Unganisha redio kwenye betri ya volti 12 na uzime swichi kuu ya nyumba. Taa za LED, chaja za simu na vidhibiti vya sola vya bei rahisi ndio watuhumiwa wakuu. Umeme ukikatika mtaani ni nafasi ya dhahabu: washa redio hapo hapo usikie bendi ilivyo ikiwa safi, halafu usikie inavyochafuka umeme ukirudi.

Maji

Kiungo cha juu kifungwe kwanza kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe, kisha tepu nyeusi ya umeme juu yake, ukizungusha kutoka chini kwenda juu ili mikunjo ipangane kama makuti. Kebo kabla ya kuingia dirishani ishuke chini ya tundu kisha ipande, maji yadondokee nje. Radi ikianza kusikika kwa mbali, chomoa kebo na uitupe nje ya nyumba. Wa kanda ya Ziwa Viktoria hawahitaji kuambiwa mara mbili.

Hifadhi picha ya grafu ya siku ya kwanza na upime tena baada ya mvua kubwa ya kwanza ya masika. Waya ukiwa umelowa, shimo hushuka masafa kidogo na kurudi ukikauka. Likirudi mahali pake lakini grafu imekuwa pana na SWR imepungua kila upande, maji yameingia ndani ya kebo. Shusha antena, kata nusu mita kutoka kwenye kiungo cha juu, chana ganda uangalie rangi ya wavu. Ukiwa mweusi au wa kijani, endelea kukata mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa.