Maswali yenu walimu wa Kiingereza: darasa kimya, he na she, na yule anayetaka miezi mitatu

Maswali ya wanaofundisha Kiingereza kwa watu wenye lugha nyingine yamekuwa mengi na mengi yanafanana, kwa hiyo nimeyafupisha na mengine nimeyaunganisha, ukiona la kwako limekatwa katikati usinune.

SWALI: Mwalimu, nafundisha watu wazima wa levo ya chini. Nikiuliza swali darasa zima kimya, wanainamia madaftari kama wamepoteza kitu humo. Mwishowe najibu mwenyewe. Nifanyeje?

Hapo kwenye "najibu mwenyewe" ndo penye tatizo, ndugu yangu. Wameshakujua. Wanajua wakivumilia kidogo tu utachoka na utajibu, sasa mtu ahangaike ya nini? Mtafiti mmoja wa Marekani, Mary Budd Rowe, miaka ya 1970 alipima walimu wanasubiri muda gani baada ya kuuliza, akakuta kwa kawaida ni kama sekunde 1 hivi, na wakijizuia mpaka 3 majibu yanarefuka na wanaojitolea kujibu wanaongezeka. Na yule alikuwa kwenye masomo ya sayansi, sio ya lugha. Sasa mtu ambaye inabidi kwanza alielewe swali, atafute jibu, alafu alitafutie jibu lenyewe maneno ya kigeni, sekunde 3 zitamtosha wapi, mpe hata 10. Utaona aibu, kimya cha sekunde 10 darasani ni kirefu kweli, we hesabu kimoyomoyo.

Alafu acha kurusha swali kwa darasa zima. Uliza, wape dakika 1 kila mtu aandike jibu lake hata likiwa maneno mawili, amwambie jirani, ndo uje uulize mbele ya wote. Aliyekwisha kulisema kwa jirani haogopi sana kulisema tena. Na uliza kitu ambacho kweli hukijui. Ukishika kalamu ukamuuliza mtu mzima mwenye kazi na watoto eti hii ni nini, anaona unamchezea. Muulize jana alilala saa ngapi. Au gawa habari nusunusu: huyu ana ratiba ya basi yenye mapengo, mwenzake ana ileile ila mapengo yake yako kwingine, marufuku kuonyeshana, waulizane tu. Hapo hutambembeleza mtu aongee, maana asipoongea kazi haiishi.

Na ile "mmeelewa?" naomba tuiache, sijawahi kuona darasa linajibu hapana. Kama umefundisha "he used to smoke", uliza: anavuta sasa hivi? Zamani alikuwa anavuta? Mara moja tu au ilikuwa tabia? Akijibu hayo matatu vizuri kaelewa, akikwama unajua amekwamia wapi.

SWALI: Mkuu wetu anataka Kiingereza tu darasani, likisikika neno la lugha nyingine ni kesi. Yuko sahihi?

Hilo wazo ni la siku nyingi. Maximilian Berlitz alifungua shule yake Marekani mwaka 1878 na ikapata jina kwa kufundisha lugha kwa lugha yenyewe bila kutafsiri. Alafu 1961 ukafanyika mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola pale Makerere, Uganda, wa ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili, na fikra zilizotawala pale ndo hizi ambazo walimu wengi mpaka leo wanaziamini bila kujua zimetoka wapi: Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza tu, mwalimu bora ni aliyezaliwa nacho, ukianza mapema ndo vizuri zaidi, kikifundishwa kingi ndo matokeo mazuri zaidi, na lugha nyingine zikitumika sana basi Kiingereza kitashuka. Mwaka 1992 mwanaisimu Robert Phillipson akazichukua zote tano akaziita upotofu, moja baada ya nyingine.

Kwa hiyo mkuu wako ana wenzake wengi ila simuungi mkono. Sasa hii isiwe ruhusa ya kufundisha Kiingereza kwa lugha ya nyumbani dakika zote 40, hilo nalo lipo na ni baya zaidi. Maelekezo ya kila siku, fungueni, sikilizeni, badilishaneni, hayo yawe Kiingereza kuanzia siku ya kwanza, onyesha kwa mikono na mfano mmoja watafuata. Lakini neno kama "although", ukianza kumfafanulia kwa Kiingereza mtu wa levo ya chini utamaliza dakika 5 na ataondoka na maana aliyojitungia mwenyewe. Mpe maana kwa lugha yake, sekunde 2, alafu zile dakika atungie sentensi. Darasa likiwa na watu wa lugha ambazo huzijui, kamusi za kwenye simu ziruhusu. Na mkuu akikubana mwambie aje na saa ahesabu wanafunzi wanaongea Kiingereza dakika ngapi, sio mwalimu anaongea dakika ngapi.

SWALI: Nisahihishe kila kosa? Wangu wanachanganya he na she kila siku mpaka nimechoka.

Kila kosa hapana, utawafunga midomo. Kabla ya zoezi amua: hili ni la usahihi au ni la kuongea tu? Kama ni la kuongea, kaa na karatasi andika unayoyasikia, mwisho weka ubaoni sentensi nne tano bila kutaja nani kasema, wazinyooshe wenyewe.

Kama ni la usahihi, wengi wetu tunafanya hivi: mwanafunzi kasema "he go yesterday", mwalimu anasema "oh, he went yesterday" na somo linasonga. Roy Lyster na Leila Ranta walichunguza madarasa ya Canada ambako watoto walikuwa wanasomeshwa kwa Kifaransa, wakatoa matokeo 1997: hiyo njia ndo walimu waliitumia kuliko zote na ndo wanafunzi waliiitikia kidogo kuliko zote. Haishangazi, mtu anadhani umekubaliana naye tu. Afadhali umwachie kazi yeye, sema "yesterday he..." alafu nyamaza. Kama kanuni anaijua atajirekebisha.

Sasa hiyo he na she. Ukitoka kwenye lugha ambayo mtu ni mtu tu, Kiswahili, Kituruki, Kifini, Kihungaria, hujazoea kujiuliza mwanamke au mwanaume kabla ya kufungua mdomo. Kanuni wanaijua vizuri, wape waandike utaona wanapata, wakiongea kasi ndo inawashinda. Kwa hiyo kuwafundisha upya kanuni ni kupoteza muda, wanachohitaji ni mazoezi ya kuongea habari ileile mara nyingi. Lipo zoezi Keith Maurice alilieleza mwaka 1983: unamsimulia mtu kwa dakika 4, unahamia kwa mwingine unasimulia hayohayo kwa 3, wa tatu kwa 2. Wewe wape habari ya dada na kaka, au mume na mke waliopotezana stesheni, ili wasiweze kukwepa kubadilisha. Raundi ya tatu utasikia tofauti.

SWALI: Sina kitabu wala projekta.

Una wanafunzi. Wakuambie walivyoshinda jana, we andika ubaoni, hilo ndo andiko la leo, toa humo sarufi na maneno.

SWALI: Lafudhi yangu sio ya Uingereza wala Marekani na wazazi wananiuliza. Najisikia vibaya.

Dada, hiyo ni ile ya pili kati ya zile tano za juu. Mwaka 2000 Jennifer Jenkins alitoa orodha ya matamshi yanayovuruga maelewano pale wasio wazawa wa Kiingereza wanapoongea wao kwa wao, na ile "th" inayotutesa wote haimo. Vilivyomo ni vitu kama urefu wa irabu, "ship" na "sheep", na kuweka mkazo kwenye neno lenye ujumbe. Fanyia kazi hizo na uwasikilizishe rekodi za watu wa lafudhi mbalimbali, maana huko waendako hawataongea na wewe peke yako.

SWALI: Nimepata mwanafunzi wa binafsi, yuko sifuri, anataka miezi mitatu aongee vizuri. Nimkubalie?

Mkubalie ila sio hiyo "vizuri". Ile mizani ya Baraza la Ulaya ya kupima mtu anaijua lugha kiasi gani, iliyotoka 2001, ina ngazi 6, A1 ya chini kabisa mpaka C2 ya juu kabisa. Watu wa mitihani ya Cambridge wanakadiria masaa 180 hadi 200 ya kufundishwa kufika A2, 350 hadi 400 kufika B1, ambapo mtu anaanza kujitegemea, na 500 hadi 600 kufika B2. Akija masaa 2 kwa wiki bila kukosa hayo ni kama 100 kwa mwaka, kwa hiyo B1 ni karibu miaka 4, labda awe anasoma na kusikiliza sana nyumbani. Mwambie siku ya kwanza, kabla hajalipa. Alafu muulize anakitaka cha nini. Kama ni usaili au kupokea wageni kazini, miezi mitatu inafanya kitu, mnashika hilo tu na mengine yanasubiri.

SWALI: Maneno wanasahau yote.

Kwa sababu umefundisha mara moja. Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alishaonyesha 1885 kwamba unachojifunza kinaanza kupotea haraka, siku ya kwanza ndo kingi. Rudia kesho, rudia baada ya siku 3, wiki, mwezi, dakika 5 tu kila mara, na uwaulize wayatoe kichwani sio wayasome. Na rangi zote au viungo vyote vya mwili usiviingize siku moja, maneno ya kundi moja yakija pamoja yanachanganyana. Anza na yale elfu 2 yanayotumika sana, ndo yanabeba kama asilimia 80 ya maandishi ya kawaida.

SWALI: Darasa langu wengine wanajua sana wengine hawajui kitu. Niwatenganishe?

Usiwatenganishe kila siku, na usiandae masomo mawili, utakufa. Jaribu hii aliyoieleza Ruth Wajnryb 1990: soma habari fupi ya sentensi tano hivi, kasi ya kawaida, mara mbili, wasikilize na kudonoa maneno wanayodaka, alafu wakae watatu watatu waijenge upya. Wa chini atadaka majina na namba, wa juu anajua vinavyoungana, na watabishana, ubishi huo ndo somo. Wewe kaa pembeni usisaidie mapema. Ila kalamu ashike yule wa chini, la sivyo mjuaji ataandika peke yake na wenzake watapiga soga.